Kibati cha Mlangoni

Rafiki yangu, aliyekuwa msimamizi wa mgodi mdogo wa shaba, alinisimulia haya akiwa ameinamisha uso. Pale, ukiingia unatundika mlangoni kibati chenye jina lako, ukitoka unakitoa; kikibaki, bado umo ndani. Siku handaki lilipoporomoka, alikuwa ameshatoa kibati cha shemeji yake bila kumwona akitoka, ili afunge mgodi na kuwahi nyumbani. Waokoaji walipomuuliza, aliona aibu kukiri. “Wote wametoka,” akasema. Dada yake mpaka leo anaamini mumewe alimtoroka.

Juzi mchana alirudi mgodini peke yake kuchukua jiwe la kupimwa maabara, akatundika kibati chake kwa mazoea. Gizani, nyuma ya kifusi, nyundo ikagonga mwamba.

“Shemeji?”

Nyundo ikanyamaza. Akatimua mbio hadi mlangoni. Kibati chake kilikuwa kimeshatolewa.