Bangili za Waya wa Ardhini

Kila siku baada ya alasiri, baba yangu Esmailji alimwachia Mama duka, akaingia chumba cha nyuma kwenye redio yake. Msidhani ni redio ya kusikilizia taarabu! Hii aliiunda mwenyewe, akapewa na kibali cha serikali, na kwa redio hiyo alizungumza na rafiki zake wa Mombasa, Unguja, hata Bombay. Mwaka ule wa 1956 nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kazi yangu ilikuwa kuketi kando yake na kuandika daftarini majina ya walioitika. Basi nilijiona mkubwa kweli.

Waya wa erieli, wa kunasia mawimbi ya redio, ulitoka dirishani ukapanda hadi kwenye mlingoti nyuma ya jiko. Waya mwingine wa shaba ulishuka kutoka dirisha lile lile, ukaishia kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini. Baba akimaliza maongezi, huchomoa plagi ya umeme, kisha huteremsha swichi ya dirishani ili erieli iungane na waya wa ardhini.

"Radi ikija," alizoea kusema, "tayari nimeshaionyesha njia ya kwenda zake."

Mimi nilisikia kwa sikio moja tu. Jirani yetu Benedikta alikuwa na arusi ya dada yake Dorkasi, na sote wawili tulitaka bangili. Ule waya wa shaba ulivyong'aa!

"Huu unaingia mchangani tu, hauendi popote," nilimwambia Benedikta, huku nikiukata kwa koleo la Baba. "Nani atajua?"

Tukapata bangili mbili nzuri. Ncha za waya nilizifunika kwa majani makavu.

Kesho yake wingu la masika lilitanda tangu adhuhuri. Baba alikuwa akizungumza na Unguja ngurumo ya kwanza iliposikika mbali. Akaaga, akachomoa plagi, akateremsha swichi. Kisha akaegemea kiti chake chini ya dirisha, akachukua kikombe cha chai.

"Haya, acha ingurume," alisema kwa raha.

Bangili ilikuwa chini ya mkono wa gauni langu. Nikisema, sitaketi tena karibu na redio. Nisiposema, je? Ngurumo ya pili ikaja, karibu zaidi.

"Baba, toka hapo!" nilipiga kelele. "Waya wa ardhini umekatwa. Nimeukata mimi!"

Nikamwonyesha bangili. Baba aliruka kitini. Chai ikamwagika, akanishika mkono, tukakimbilia dukani kwa Mama.

"Nikaufunge?" niliuliza nikilia.

"Thubutu! Radi ikinguruma, hakuna kugusa waya, ndani wala nje."

Hakumaliza vizuri. Mwanga ulijaa nyumba nzima, ukafuatwa na mlio uliomfanya Mama aangushe kibaba cha mchele.

Mvua ilipokatika, tulirudi chumbani. Swichi ilikuwa imepasuka, fremu ya dirisha imeungua, na mto wa kile kiti ulikuwa na tundu jeusi lililokuwa bado likifuka moshi. Baba alikitazama kiti, kisha akanigeukia.

"Lete mkono," alisema.

Nikajua nachapwa. Badala yake akaivua bangili taratibu.

"Tahera mwanangu, umekosa sana. Waya huu hauwashi taa wala hausemi, ukadhani hauna kazi. Kitu usichokijua kazi yake, uliza kabla hujakigusa. Lakini ulikuwa na hofu, na bado ukasema kweli, ndiyo maana nimesimama hapa. Ukikosea tena, sema mapema hivyo hivyo."

Wiki mbili sikuruhusiwa kukaribia redio. Benedikta alileta bangili yake mwenyewe, bila kuitwa, akasema, "Shikamoo Baba, nisamehe," akasamehewa. Baba alinunua waya mpya, mnene kuliko wa kwanza, nami nikamshikia ngazi alipoirekebisha erieli mlingotini siku nzima ya jua kali, wala sikulalamika.

Bangili yangu aliipigilia ukutani juu ya swichi mpya. Tangu siku ile, kabla ya maongezi, nilitoka nje nikaufuata waya kwa macho, kutoka dirishani mpaka kwenye chuma.

"Upo, Baba!" niliita.

Hapo ndipo alipochomeka plagi, akanisukumia daftari.