Nahodha Hakusimama

"Amemwonyesha kona! Umeona? Amemwonyesha!"

Kaka mtu alikuwa amesimama juu ya kiti jukwaani. Mkewe alimvuta shati akae, hakukaa.

Fainali ya wanawake ya kanda ilikuwa sare ya bao moja kwa moja, na dakika za nyongeza zilikuwa zinayoyoma. Mdogo wake, Nahodha, alikuwa ameuweka mpira kwenye alama ya penalti. Pembeni, kwenye benchi la wapinzani, kocha wao wa makipa alikuwa amenyoosha mkono wa kushoto, akimwonyesha kipa wake upande wa kurukia. Kocha huyo ndiye mchumba wa Nahodha. Jioni zote wanazopata nafasi yeye humsimamia golini afanye mazoezi, na anajua kwamba binti huyu ana kona moja tu ya goli anayoiweza.

Nahodha aliuona mkono ule. Akakimbia, akapiga kona yake ileile.

Kipa alishafika. Akaupangua.

Lakini Nahodha hakusimama kushika kichwa. Aliendelea kukimbia, na mpira uliporudi akausukumia wavuni kwa goti.

Filimbi ya mwisho ilimkuta kaka mtu akishuka ngazi, simu sikioni.

"Mama, wale wageni wa mahari wa Jumamosi wasije."

"Kwani tumefungwa?"

"Tumeshinda."

"Sasa msiba wa nini?"

"Subiri, usikate."

Alimkuta kocha kando ya uwanja.

"Shemeji, hongereni," kocha alisema.

"Shemeji wa nani? Umemfundisha mwenyewe, kisha umemuuza mbele ya watu wote hawa?"

"Kipa wangu amehangaika msimu mzima. Ningemficha ninachokijua kwa sababu mpigaji ni mchumba wangu? Ningemtazamaje usoni?"

"Na mdogo wangu utamtazamaje?"

"Muulize mwenyewe, huyo anakuja."

Nahodha alifika na tope hadi kwenye nyusi, medali shingoni.

"Kaka, mwache."

"Uliuona mkono wake?"

"Niliuona. Hata asingenyoosha, nilijua ameshamwambia kipa tangu jana."

"Na bado ukapiga kulekule?"

"Kona ya pili siiwezi, unanijua. Ila nilijua kipa ataufikia. Ndiyo maana sikusimama."

Kaka mtu alimgeukia kocha, akamtazama juu hadi chini.

"Mimi namjua huyu," Nahodha aliendelea. "Hawezi kuiba kazini hata kwa ajili yangu. Angenihurumia leo, medali hii ningeivua nikamwachia."

Kocha aliinamisha uso. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Umenifunga vibaya, mwenzangu."

"Kwa goti."

"Kwa goti, ndiyo. Mazoezini hata siku moja hujawahi." Alicheka, kisha akageuka. "Niwieni radhi. Kipa wangu analia kule, siwezi kumwacha peke yake."

"Twende wote," Nahodha alisema. "Penalti ile aliicheza vizuri, lazima nimwambie."

Wakaondoka wameshikana mikono, mmoja bingwa, mwingine amefungwa.

Simu ilikuwa bado inaongea.

"Nyie watoto, mbona mnanichanganya? Waje wasije?"

"Waje, mama. Waje wote."

Shabiki mmoja aliyekuwa akipita alisimama, akaonyesha kidole.

"Yule aliyemshika mkono Nahodha si wa timu pinzani?"

"Ni wa kwao," kaka mtu alijibu, akiinua kidevu. "Na ndiye anayemwoa mdogo wangu."