Seli Namba Kumi na Tisa

"Usinizungushe, baba. Ulisema unailinda seli hiyo ya betri, ikifa unarudi kulala nyumbani. Wiki ya sita hii nakufunikia sahani."

"Haijafa. Niinyonge?"

Mshonaji alitua mkoba wa chakula juu ya meza ya maabara. Wiki sita alikuwa akipakua sahani mbili, moja anaifunika, kesho yake anaipasha moto na kuila mwenyewe.

"Kumi na nane za kwanza zilikufa ndani ya siku nne. Hii ina nini?"

Mumewe, mtafiti wa betri, akainua utando mwembamba kama karatasi, mweupe upande mmoja, mweusi upande wa pili.

"Kitenganishi hiki. Kinakaa katikati ya betri. Zamani salfa iliyeyuka, ikapenya upande wa pili, betri ikachoka upesi. Sasa nimekipaka kaboni. Salfa inanaswa hapa."

"Kwa hiyo umefaulu."

"Nimefaulu."

"Na mimi ndiyo nimepatikana."

Simu ya mume ikalia mezani. Mkewe akaiwahi, akasoma kwa sauti ujumbe wa fundi mitambo:

"Mzee, mashine inarekodi vipimo vya seli yenyewe, naisoma nikiwa kwangu. Umelala tena kwenye godoro? Nenda nyumbani."

Mtafiti akatazama sakafu. Godoro lilikuwa limekunjwa chini ya meza, limefungwa kamba.

"Kumbe hulindi chochote," mkewe alisema taratibu. "Kuna mwanamke?"

"Nani atavumilia harufu hii ya salfa?"

"Mimi. Mwaka wa ishirini na sita."

Mumewe akaurudisha utando mezani.

"Tangu binti yetu aolewe, mama, pale mezani sijui nikwambie nini. Tunasikilizana tunavyotafuna. Hapa angalau mashine inanguruma."

"Unadhani mimi naongea na nani? Nawasha cherehani bila kitambaa, baba. Nakanyaga tu, nyumba iwe na sauti."

Hilo hakulijua. Alimtazama mkewe kana kwamba yeye mwenyewe ndiyo kwanza amerudi kutoka safarini.

Akachukua simu, akamwandikia fundi: "Isome wewe. Mimi naenda nyumbani." Akavua koti jeupe, akalitundika, akaliburuta godoro na kulitupia begani.

"Sasa hivi?" mkewe aliuliza. "Na chakula je?"

"Kibebe. Tukale kwetu. Usiifunike sahani yangu."

Mshonaji akabeba mkoba, akazima taa. Walitoka, seli namba kumi na tisa ikabaki inachaji peke yake.