Daftari la Vifo na Kopo la Vidonge

Fundi alijalidi vitabu. Kila asubuhi alichemsha gundi, akafagia mabaki ya karatasi ya jana, kisha akafungua mlango wa karakana. Mkewe, ambaye watu walimwita Mama Pacha ingawa pacha wenyewe walikwisha kuoa, ndiye aliyeshona kurasa. Alikaa kwenye kigoda kifupi, ameinama, tangu asubuhi hadi alasiri. Kwa miaka thelathini kazi hiyo ilimpa sifa njema na mgongo mbovu.

Katika nyumba yao hakikutupwa kitu. Fundi alipanga vipande vya ngozi kwa rangi na vitambaa kwa ukubwa. Alipanga vivyo hivyo dawa zilizobaki. Alichukua kopo la bati, akaligawanya ndani kwa kuta za kadibodi, akaweka vidonge vyeupe upande mmoja, vya manjano upande wa pili, na vya buluu upande wa tatu. Aliyeumwa alifungua kopo akachagua rangi. Aliyebakiza dawa alizitia humo. Hata dada yake Fundi, aliyeishi nyumba ya tatu, aliwaletea vidonge vyake vya buluu.

"Hivi vinalaza, wifi," alimwambia Mama Pacha. "Ukimeza kimoja, hata paa likianguka husikii."

Jumatatu moja alikuja Bi Karani, mtunza takwimu wa idara ya afya. Alibeba daftari kubwa lililofungwa kwa kamba. Uzi wake ulikuwa umekatika na kurasa zilikuwa zimechanganyika.

"Fundi, hili ni daftari la watu waliokufa kwa sababu ya dawa na ulevi, katika miaka sita iliyopita," alisema. "Majina hayamo. Kila mtu ana namba, umri, jinsia, na kilichomuua. Nalihitaji Ijumaa."

Mama Pacha aliguna. "Hayo ni mambo ya vijana wa vijiweni. Wanajitakia wenyewe."

Bi Karani hakubishana naye. "Fundi atalazimika kuzisoma kurasa ili azipange," alisema. "Nitakaporudi, mniambie mmeona nini."

Kweli, mtu hawezi kupanga kurasa zilizotawanyika bila kusoma mstari wa kwanza na wa mwisho wa kila moja. Fundi alivaa miwani akaanza. *Mwanamume, miaka ishirini na tisa, heroini. Mwanamume, thelathini na nne, heroini na pombe.* Alitikisa kichwa. Hayo aliyatarajia. Kisha alisoma: *Mwanamke, miaka hamsini na nane, vidonge vya maumivu na vya usingizi.*

Alidhani karani alikosea safu. Alisoma ukurasa mwingine. *Mwanamke, sitini na moja.* Vidonge vilevile viwili.

"Mama Pacha, hebu sikiliza jambo la ajabu."

"Sema, lakini usinikatishe uzi."

"Humu mna akina mama watu wazima. Wenye wajukuu!"

"Akina mama wavuta heroini? Miwani yako imechoka, mzee."

"Si heroini. Ni vidonge."

"Basi waliiba mahali."

Fundi hakuridhika. Alikata vipande vya karatasi, akavipanga mezani kwa umri: chekundu kila alipokuta mwanamume na cheupe kila alipokuta mwanamke. Kufikia Alhamisi vyekundu vilikuwa vingi kupita vyeupe, na vingi vilisimama penye umri wa vijana. Lakini vyeupe vilisongamana mahali pamoja, penye umri wa kuanzia miaka hamsini. Alivitazama muda mrefu. Kwa nini pale?

Ijumaa haraka ya kazi ilizidisha maumivu ya mgongo wa Mama Pacha. Baada ya chakula cha mchana alimeza vidonge viwili vyeupe alivyopewa hospitali, na kimoja cha buluu ili apumzike vizuri.

"Nanyoosha mgongo kidogo," alisema, akajilaza kwenye mkeka nyuma ya rafu.

Muda si mrefu Bi Karani aliingia. Fundi hakungoja hata salamu ziishe.

"Bi Karani, hebu nieleze. Kwa nini akina mama hawa?"

"Umeona vyema," alijibu Bi Karani. "Wanaokufa wengi ni wanaume, na wengi wao ni vijana. Hao kila mtu huwaona, kwa maana huangukia barabarani. Lakini ukiwatenga wanawake waliovuka hamsini, utakuta vidonge vya hospitali. Mama anaumwa, halali usingizi, anapewa dawa hapa, anaongezewa na jirani kule. Nani atamchunga? Yeye si mhuni."

"Lakini kila dawa imetolewa na daktari. Zinauaje?"

"Dawa kali ya maumivu hupunguza kasi ya kupumua. Dawa ya usingizi nayo hupunguza. Zikikutana, au zikikutana na pombe, mtu anaweza kusahau kupumua akiwa usingizini."

Fundi aligeuka kutazama rafu. "Hizo za usingizi," aliuliza polepole, "ni za rangi gani?"

"Rangi haisemi kitu, Fundi. Kwa nini unauliza?"

Fundi tayari alikuwa nyuma ya rafu. Mama Pacha alikoroma kwa sauti nzito, yenye mgugumio. Kisha ukimya. Kisha mkoromo mwingine. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi.

"Mama Pacha! Wee! Amka!"

Bi Karani alimsugua kifuani kwa vifundo vya vidole. Hakufumbua macho. Fundi alinyakua kikombe cha maji.

"Usimnyweshe kitu! Yatamwingia mapafuni. Piga simu, waambie amemeza vidonge, hapumui sawasawa."

Walimlaza kwa ubavu, kichwa kimerudishwa nyuma kidogo. Bi Karani aliweka kiganja karibu na pua yake, akahesabu pumzi, tayari kumpulizia endapo zingekoma. Fundi alishika mkono wa mkewe. Gari la wagonjwa lilipofika, muuguzi alimpa hewa ya oksijeni, akamdunga sindano ya kupinga dawa ya maumivu.

"Leteni na hilo kopo," alisema, Fundi alipomwonyesha vidonge vilikotoka.

Mama Pacha alilazwa siku mbili. Mfamasia wa hospitali alifungua kopo mbele yao, akatazama kuta zile za kadibodi.

"Nani alipanga hivi?"

"Mimi," alisema Fundi. "Kwa rangi."

"Kazi safi sana, baba, ingekuwa ni shanga. Vidonge vyeupe hapa ni vya aina sita. Kimoja ni cha moyo."

Fundi aliinamisha kichwa. Mfamasia alieleza taratibu. Dawa ikae katika pakiti yake. Ya mtu mmoja asipewe mwingine. Iliyobaki irudishwe kwenye duka la dawa. Kila mgonjwa awe na karatasi moja inayotaja dawa zake zote, na kila daktari aione kabla ya kuongeza nyingine.

Daktari alibadilisha dawa ya Mama Pacha na kumfundisha mazoezi ya mgongo. Fundi alimtengenezea meza ndefu ya kushonea akiwa amesimama.

"Miaka thelathini nimeviinamia vitabu," alisema Mama Pacha. "Leo vimeniinukia."

Wifi yake alikuja kumwona, akiona haya hata kuketi. "Mimi ndiye niliyekupa, wifi. Nilitaka ulale."

"Nililala nusura nisirudi. Na wewe bado unavimeza?"

"Kila siku. Niache leo leo?"

"Hapana! Niliuliza hilo pia. Ukiacha ghafla unaweza kuugua vibaya. Twende akuone mfamasia."

Siku iliyofuata waliketi pamoja kwenye benchi. Wifi alipoitwa, alimwaga mkoba wake juu ya meza. Mfamasia alisoma pakiti moja moja. Madaktari wawili walikuwa wamemwandikia dawa ileile ya usingizi, kila mmoja kwa jina tofauti la kibiashara, naye alikuwa akimeza zote mbili.

"Tutampigia daktari ili uipunguze kidogo kidogo," alisema mfamasia. "Ndizo zote hizi?"

"Ndizo zote."

Mama Pacha alimtazama wifi yake. Alimtazama tu. Wifi alikohoa, akafungua zipu ya mfuko wa ndani, akatoa pakiti moja zaidi.