Pole Isiyojibiwa

Dhahabu jamani, inachosha hata kuisimulia. Miaka ile watu wa Nyansurura waliacha ng'ombe wakafuata mawe. Wegesa, binti wa jirani yetu, alimpelekea kaka yake Nashoni uji duarani, kwenye shimo la machimbo, kila siku na kumwambia, kama mtu yeyote mwenye adabu, "Pole na kazi." Zamani Nashoni alijibu, "Nimeshapoa." Tangu mganga wa machimboni amfunge uzi mweusi mkononi, hakujibu tena. Wala hakuchoka. Wenzake walipokezana zamu, yeye yumo tu chini, hata jasho hana.

Nyumbani sasa, makubwa! Mama yao, ambaye hakuwa ameshika hata jembe, alikuwa hoi kitandani, viganja vimejaa malengelenge. Nesi alimpima asione ugonjwa. Wegesa naye alianza kusinzia akiwa amesimama.

"Usimpe tena pole kaka yako," mama alinong'ona. "Ukimpa akanyamaza, uchovu wake unabaki kwako. Mimi nimempa kila asubuhi. Mzazi utaachaje? Kamwambie ajibu, mwanangu. Nakufa."

Wegesa alijikokota, akipumzika kila penye kivuli. Adhuhuri ile duara lilikuwa tupu. Nyundo moja tu iligonga chini.

"Nashoni! Mama anakufa. Mjibu!"

Nyundo ikanyamaza.

"Nikijibu, uchovu wote utanirudia. Wa siku zote hizi."

"Ni mama yako, mura!"

Kisha sauti ikapanda kutoka gizani.

"Nimeshapoa, mama. Nimeshapoa, Wegesa."

Miguu ya Wegesa ikawa myepesi papo hapo. Akacheka, akamwita kaka yake. Akaita tena. Wachimbaji wenzake walipomtoa alikuwa amejikunja, nywele zote nyeupe, mkononi hamna uzi.

Msibani, mama ndiye aliyekuwa mzima kuliko wote. Anachota maji, anapasua kuni, hakai. Wegesa aliumia kwa kaka yake, lakini alimshukuru Mungu kwamba angalau mama amepona.

Waombolezaji wakaja.

"Pole, mama Nashoni."

"Pole sana, mama."

Hakujibu. Watu wakasema ni uchungu, wakatafuta pa kukaa. Wengine walilala palepale nyasini.

Wegesa alimfuata kwenye kuni, akamshika bega.

"Pole, mama."

Mama aliinua shoka. Mkono wa gauni ukateleza, uzi mweusi wa Nashoni ukaonekana, bado una vumbi la mawe.

"Jibu, mama," Wegesa alinong'ona.

Shoka likashuka. Likapanda tena. Wegesa akatafuta pa kukaa.