Maji ya Erica

Katika shule moja huko Mlali, kila mwanafunzi alikuja asubuhi na dumu la maji la lita tano, akalimimina kwenye pipa la jikoni. Maji hayachezewi Mlali. Mtu huyafuata mwendo wa nusu saa. Lakini maji ya Erica wa darasa la tano yalimwagwa mchangani, mbele ya macho yake, tangu siku alipoanguka kifafa kwenye mstari wa asubuhi.

"Usiyatie humo," alifoka William, kiranja wa jikoni. "Povu lako litatuangusha wote."

Zipora, dada yake Erica, alitazama kwa hasira. Siku ile uwanja mzima ulikimbia. Erica alijigonga kwenye jiwe akachanika paji la uso, na hakuna aliyemgusa mpaka Zipora alipofika kutoka mstari wa darasa la saba. Sasa wazazi walikuwa wameitisha kikao siku ya Ijumaa ili Erica aondolewe shuleni.

Jumatatu, wakiwa njiani, Zipora alisimama. "Nipe dumu lako, chukua langu."

Madumu yalifanana kama mapacha. Maji ya Zipora yakamwagwa. Ya Erica yakaingia kwenye pipa, yakapikiwa uji, shule nzima ikanywa. Alifanya hivyo siku nne mfululizo. Aliwachukia wote, na kila walipoomba kuongezewa uji aliwachukia zaidi.

Siku ya kikao, Mzee Bartolomayo, mwenyekiti wa kamati ya shule, hakuzunguka mbuyu. "Ng'ombe mgonjwa hutengwa na wenzake. Mtoto huyu abaki kwao."

Mama yao aliinamisha kichwa. Zipora akainuka bila ruhusa.

"Shikamooni. Uji waliokunywa watoto wenu wiki hii umepikwa kwa maji ya Erica pia. Nilibadilisha madumu. Nani ameanguka?"

Kikao kikachafuka. Mama mmoja alimwita mchawi, mwingine akataka achapwe palepale. Ndipo Daktari Hana, anayemtibu Erica mjini Dodoma, ambaye Mwalimu Mkuu Ludovick alikuwa amemwalika, aliposimama na picha ya ubongo mkononi.

"Erica hakuambukizwa na mtu," alisema. "Mtoto akiwa tumboni, seli changa za ubongo huzaliwa ndani kabisa, kisha husafiri kwenda juu, kila moja mahali pake. Zina protini za kushikamana. Ni kama mtu anayepanda mlima wa mawe: hushika jiwe, huliachia, hushika jingine. Akilegeza mkono huteleza, aking'ang'ania, hasogei. Protini hizo pia husaidia seli kujua wakati wa kuongezeka na wakati wa kuacha. Kwa Erica kazi hiyo iliharibika, seli nyingine zikakwama njiani. Hapa." Akagusa doa kwenye picha. "Hapo ndipo kifafa chake kinapoanzia. Hakimo katika maji wala mate."

"Na lile povu?" Mzee Bartolomayo aliuliza kwa ukali.

"Ni mate na hewa tu. Akianguka, ondoeni mawe, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, mkae naye mpaka azinduke. Na asikose dawa yake hata siku moja."

Mzee Bartolomayo hakuomba radhi. Alilitazama tena lile doa kwenye picha, kisha akasema, "Haya, abaki shuleni," akaketi.

Mwalimu Ludovick alimgeukia Zipora. "Umewanywesha watu kitu bila ridhaa yao. Huo ni udanganyifu, hata kama ulikuwa na haki. Utaosha masufuria ya uji wiki nzima."

"Sawa, mwalimu."

Kisha Mwalimu akawageukia wazazi. "Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Tuliogopa kabla ya kuuliza, na mtoto akaachwa peke yake na damu usoni. Msidhani nawasema ninyi tu. Asubuhi ile mimi ndiye niliyekuwa karibu naye kuliko wote, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukimbia."