Keria Yenye Joto

Baiskeli ilikuwa imelala nje ukutani, ikaloa umande kuanzia usukani hadi matairi. Keria tu, kile kiti cha chuma cha nyuma anapokaa abiria, ndiyo ilikuwa kavu. Bi Sindano aliipapasa, akautoa mkono haraka. Ilikuwa na joto, lile joto la kiti ambacho mtu kainuka sasa hivi.

Akainama, akanusa. Waridi. Na chini ya waridi, harufu nzito ya raba iliyoungua.

Mwanamke mwingine angefikiria majini. Bi Sindano, fundi cherehani mwenye wivu wa kunyoosha nguo bila pasi, alimfikiria karani.

Karani ni dada mmoja wa pale karakana ya mbao anapofanya kazi mumewe. Aliteguka mguu, mume akamsogeza kwa baiskeli hadi kwao. Basi, hakuna zaidi. Lakini Bi Sindano aliyasikia hayo kwa jirani, si kwa mume, na tangu hapo nyumbani ni kununiana. Sahani zinatua mezani kwa kishindo, na chumvi inaombwa kwa kidole.

Mume mwenyewe walimwita Breki. Kila asubuhi lazima akaze breki, ajaribu kengele, apanguse taa nyekundu ya nyuma, kisha avae helmeti na kuifunga kidevuni utadhani anakwenda vitani, na safari yenyewe unaimaliza pipi haijayeyuka mdomoni. Watu walimcheka. Mkewe, hata akiwa amenuna, alimpenda hivyohivyo.

Walikuwa na utaratibu wao tangu ndoa ikiwa changa. Njia ya kutoka nyumbani ina mawe, kwa hiyo mume anasukuma baiskeli na mke anafuata nyuma, mpaka njia panda inapoanzia lami. Hapo Breki anakaa kitini, anasema, "Panda twende," bila kugeuka, maana akigeuka baiskeli inayumba. Mke anarukia keria kiupandeupande, anamgonga mgongoni, wanaondoka. Njiani yeye ndiye macho ya nyuma. Akimgusa bega la kushoto, gari linakuja, bana pembeni. Akimgusa la kulia, njia nyeupe, kata uvuke. Mbele ya kibanda chake cha kushonea anaruka baiskeli ikipunguza mwendo, na mume haoni hata kisigino.

Asubuhi ile aliingia ndani na fundo moyoni. "Jana ulimbeba nani?"

Breki akabaki na kikombe mkononi. "Nani tena? Si nilikubeba wewe."

"Usinichezee."

"Mke wangu, wiki nzima nakubeba wewe. Humu ndani umenuna, nikasema mwache anune. Lakini tukifika njia panda nikisema panda, unapanda. Unanigonga mgongo. Tena siku hizi unanikumbatia kabisa, nikajua hasira zinapoa."

Wiki nzima Bi Sindano alikuwa akienda kazini kwa miguu. Asubuhi ya kwanza ya ugomvi alijibanza nyuma ya nguzo ya taa pale njia panda, aone kama karani atatokea kukirukia kiti chake. Akamwona Breki anasema, "Panda twende," anaondoka na keria tupu, anatabasamu, anaongea na hewa. Alidhani anakejeliwa, akavimba zaidi. Na hata sasa wivu ulimchoma kabla ya hofu: kuna mtu anamkumbatia mume wangu barabarani, mchana kweupe, na mimi mwenyewe sijawahi.

"Si mimi," alinong'ona.

Breki alikaa chini taratibu. "Jana niliguswa bega la kulia. Nikakata. Lori likanikwangua usukani. Nikasema leo mke wangu kachoka, kaona vibaya."

"Hajaona vibaya. Anakutaka uende kwake."

Mganga alikuja mchana uleule, naye kwa baiskeli, chetezo na ubani vimefungwa nyuma kwa mpira. Alikuwa mama wa makamo, mchache wa maneno. Aliifukiza baiskeli ya Breki pale uani. Moshi ulipofika kwenye keria ukagawanyika kushoto na kulia, ukapita kama unavyompita mtu aliyekaa.

"Huyu hakutumwa," alisema kwa sauti ya chini. "Kiti kilikuwa wazi, akasikia anakaribishwa, akaitika. Alikujia wapi kwanza? Inafaa ashushwe palepale."

"Sijui, mama," alisema Breki. "Nyayo nilizisikia nyuma yangu tangu hapa nyumbani, nikajua ni mke wangu. Huenda alitokea humuhumu."

Wote wawili wakamtazama Bi Sindano. Nyayo zile zilikuwa zake, na ziliishia njia panda. Akiitaja njia panda, ataitaja na nguzo, na akiitaja nguzo itajulikana alijificha kumvizia mume wake wa ndoa. Na yule karani akisikia, si atacheka mpaka mguu upone? Akainamia kucha zake. "Hata mimi sijui."

Mganga akaongeza ubani kwenye chetezo. "Basi nitamshusha hapa. Ila akishuka pasipo pake, atarudi kwa miguu mpaka kwake. Baba, mwambie wewe. Wewe ndiye uliyemkaribisha."

"Shuka," alisema Breki. Akarudia. "Shuka."

Tairi la nyuma likainuka kidogo. Mlango wa ua ukafunguka wenyewe, ukajirudishia polepole. Keria ikapoa. Usiku ule Bi Sindano alimhudumia mumewe kama bwana harusi, na chumvi ikaombwa kwa mdomo.

Kulipokucha keria ilikuwa imeloa umande kama chuma kingine chochote. Wakatembea mpaka njia panda. Safari hii Breki aligeuka, akamtazama mkewe vizuri, akacheka. "Panda twende."

Bi Sindano akapanda, tairi likabonyea. Halafu likabonyea tena.

Waridi likamjaa puani, na kwa kuwa aliapa kwamba leo atamkumbatia yeye mwenye mume, alipitisha mikono kiunoni mwa Breki, ikakutana na mikono mingine, laini na ya moto, iliyokwisha kufumbatana pale mbele, ikaibana mikono yake isichomoke, na nyuma yao akasikia lori linateremka, linapiga honi, linakaribia, akataka kuligusa bega la kushoto na mikono haikutoka, akataka kuita na raba iliyoungua ikamziba koo, na mbele ya macho yake akaliona shati la mumewe likibonyea lenyewe, taratibu, kwa upole wa mke, kwenye bega la kulia.

Na Breki, ambaye hajawahi kulipinga bega lake hata siku moja, akapiga kengele, akakata.